Kadi za Matatu Zilienda Wapi?

Uliza mtu yeyote aliyekuwa akipanda matatu Nairobi mwaka 2014 kama anakumbuka kadi. Atacheka kwanza. Halafu atakwambia ako nayo bado, kwa droo fulani nyumbani, pamoja na chaja ya simu iliyokufa na funguo za nyumba aliyohama.

BebaPay. Abiria Card. My 1963. Kama ulizaliwa baada ya 2005 unaweza kudhani natunga majina. Situngi. Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2014 hakuna mtu atalipa nauli ya matatu kwa pesa mkononi. Si noti, si sarafu. Unaweka pesa kwenye kadi mapema, unaingia gari, unagusisha kadi, unakaa. Tarehe ikafika na watu wakaendelea kutoa mbao na finje kama jana yake. Ikasogezwa mbele hadi tarehe 1 Desemba. Nayo ikafika. Iliishaje unajua, kwa sababu wiki hii umepitisha noti ya soo juu ya mabega ya watu watatu ukingoja chenji ambayo "utapata mbele".

Nikiuliza wakubwa ni nini kilitokea, napewa majibu mawili. La kwanza: makanga ni wezi, walikataa. La pili: Wakenya hatupendi mpangilio. Yote mawili ni ya uvivu. Hilo la pili hata halijaribu, maana mwaka 2014 M-Pesa ilikuwa na miaka saba tayari. Watu haohao waliokataa kadi walikuwa wanatuma pesa kwa nyanya kijijini kwa simu ya kabambe. Kuweka pesa mahali isipoonekana na kuitumia baadaye hakukuwa kugeni kwetu. Sisi ndio tuliwafundisha wengine.

Turudi nyuma, tuanze na jina lenyewe.

Miaka ya mwisho ya ukoloni, ukitaka basi Nairobi ulikuwa na Kenya Bus Service, KBS, iliyoanza kazi hapa mwaka 1934. Kampuni moja, na mitaa mingi ya watu wa kawaida ilikuwa inangoja sana ama haifikiwi kabisa. Watu wenye magari makuukuu wakaona nafasi. Wakaanza kubeba abiria bila leseni kwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Kwa Kikuyu, mang'otore matatu. Sarafu zenyewe zilishasahaulika, neno likabaki. Sheng nayo ikalichukua ikalifanya mathree, kwa hivyo mpaka leo tunahesabu zile sarafu tatu bila kujua.

Hebu fikiria hiyo kidogo. Tuktuk imeitwa kwa mlio wake. Bodaboda imetoa jina kwa kuvusha watu mpakani. Matatu ndiyo iliitwa kwa pesa unayoweka kwenye kiganja cha mtu. Halafu mtu akaja kusema tutoe pesa mkononi kwenye matatu.

Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilinunua asilimia 25 ya KBS na kuipa haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake. Matatu zikawa haramu zaidi ya zilivyokuwa, polisi wakawa wanazifukuza. Lakini watu walikuwa wanazihitaji, na mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alitoa tamko: zibebe abiria bila zile leseni walizodaiwa wenye mabasi. Tamko moja tu. Hakukuja na ratiba, hakukuja na mshahara wa dereva, hakuna aliyesema pesa ya siku itagawanywa vipi. Mlango ulifunguliwa, serikali ikaendelea na mambo yake. Kilichoingia kwa huo mlango ni tageti.

Kama hujawahi kufanya hiyo kazi, tageti ni hivi. Nilipotoka chuo kabla ya kumaliza (hiyo ni story ya siku nyingine) nilishika mlango wa gari la viti 33 laini moja ya Eastlands kwa miezi minne. Mwenye gari alitaka elfu saba kila jioni. Mvua haimhusu. Jam haimhusu. Gari likilala gereji nusu siku, bado ni elfu saba. Mafuta ni juu yenu. Ada ya steji ni juu yenu. Kamagera anayeita abiria, juu yenu. Kuna mkono fulani kule barabarani ambao lazima usalimiwe asubuhi, na hiyo salamu haina risiti. Hiyo pia ni juu yenu. Kinachobaki ndicho dere na makanga wanagawana. Siku nzuri unanunua nyama. Siku mbaya unarudi kwako kwa miguu na ulishinda kwa gari tangu saa kumi na moja asubuhi.

Kwa hivyo zile noti zilizokunjwa kwenye vidole vya makanga si nauli tu. Ni mshahara wa watu wawili, ni pesa ya mafuta ya raundi inayofuata, ni spea, ni chakula cha mchana, ni salamu. Zote kwa mkono mmoja, na zinahesabiwa kila dakika kumi.

Sasa lete kadi hapo.

BebaPay ilikuja 2013, mradi wa Google na Equity Bank. Ndiyo, Google hiyohiyo. Abiria alipewa kadi, makanga akapewa simu. Unagusisha kadi kwa simu, nauli inakatwa, unapata ujumbe. Ilifungwa 2015. Abiria Card ilikuwa ya KBS wakishirikiana na KCB. My 1963 ilikuwa ya kampuni iitwayo Fibre Space. Kadi ya basi imepewa jina la mwaka wa Uhuru! Sisi hatukosi drama.

(Ingawa kwa majina hatuko peke yetu. London kadi yao ni Oyster, chaza. Hong Kong ni Octopus, pweza. Ukizisikia pamoja ni kama uko soko la samaki Mombasa. Lagos yao ni Cowry, kauri, na hiyo inatuhusu zaidi ya unavyodhani: karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walibeba kauri kwa meli kutoka Zanzibar wakaenda kuzitumia kama pesa Afrika Magharibi, Lagos ikiwemo. Kadi yao ya basi imebeba jina la pesa iliyotoka kwenye mchanga wetu.)

Shida ya kwanza kila mtu aliiona: kadi hazikuelewana. Ulihitaji hii kwa gari hili na ile kwa gari lile, na ukibadilisha gari mjini uwe nazo mbili. Hiyo ilikera, lakini ingeweza kurekebishwa. Kwa maoni yangu haikuua kitu.

Kilichoua ni hii. Abiria akigusisha kadi, pesa inaenda wapi? Inaenda kwenye akaunti ambayo makanga hana. Saa tano asubuhi gari linahitaji mafuta na kwenye vidole hakuna kitu. Mkono ule barabarani unataka kusalimiwa na haujanunua mashine ya kusoma kadi. Jioni mwenye gari anaona kila shilingi kwenye ripoti, tageti imefika na ikapita, na hakuna mahali pameandikwa ile iliyopita ni ya nani. Kwa siku moja unataka mtu akabidhi mshahara wake wote kwa kompyuta, kisha angoje aone kama kuna atakayemrudishia. Wewe ungekubali? Mashine nyingi "ziliharibika" ghafla. Mtandao "ulipotea" kila gari likijaa. Mimi nilikuwa darasa la tano, ila baada ya ile miezi minne mlangoni sihitaji mtu anieleze hiyo mashine iliharibikaje.

Hata abiria hakuwa malaika. Nani atakubali kadi ikate hamsini saa sita mchana, na anajua akisimama mlangoni aseme "niko na thate" atabebwa? Thelathini. Wakati wa mang'otore matatu ilikuwa senti, siku hizi ni shilingi, na bado tunabishana kwa namba ileile. Mvua nayo ikinyesha makanga anapandisha maradufu, na hapo ndipo kadi ingemsaidia abiria kweli, kwa sababu bei ingekuwa imeandikwa. Sijasema makanga ni mtakatifu. Nimekuwa mlangoni mvua ikinyesha, na pale steji hapakuwa na watakatifu.

Sasa nenda London, wiki ileile. Siamini huwa hatuongelei hii. Tarehe yetu ilikuwa 1 Julai 2014. Tarehe 6 Julai 2014, siku tano baadaye, mabasi ya London yaliacha kabisa kupokea pesa taslimu. Hakukuwa na vurugu, kwa sababu wakati huo waliokuwa bado wanalipa kwa sarafu walikuwa kama asilimia 1 tu ya safari. Oyster ilikuwa imeanza 2003, miaka kumi na moja nyuma. Na kabla ya Oyster kulikuwa na kitu muhimu zaidi: dereva wa basi London ni mtu wa mshahara. Nauli haiendi kwa kampuni ya basi, inaenda kwa mamlaka ya usafiri ya jiji, kisha mamlaka inalipa kampuni kwa mkataba ili ziendeshe laini fulani kwa ratiba fulani. Abiria watano ama hamsini, dereva analipwa kazi yake. Basi akigusisha kadi ama asiposhika hata shilingi, inambadilishia nini?

Makonda wao walikuwa wamepunguzwa polepole kwa miongo kadhaa. Laini ya mwisho ya kawaida yenye basi la zamani la Routemaster na konda wake ilikuwa namba 159, na ilifunga Desemba 2005. Walitoka na sare, na chama cha wafanyakazi, na historia ya mishahara. Sisi tulitaka kufika palepale kwa miezi sita, na watu ambao hata barua ya kazi hawajawahi kuiona.

Utaniambia London ni London, wazungu wana pesa. Sawa. Ndiyo maana mfano ninaoupenda si London, ni Hong Kong.

Octopus ilianza tarehe 1 Septemba 1997 na ni kati ya kadi za usafiri zilizofaulu kuliko zote duniani. Kampuni za treni, mabasi na feri ziliungana zenyewe mwaka 1994 zikaunda kampuni moja ya kuitengeneza, kwa hivyo hiyo shida yetu ya kadi kutoelewana ilimalizwa kabla haijazaliwa. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza kulikuwa na kadi kama milioni 3 mikononi mwa watu. Baadaye ukaweza kununua nayo mkate, gazeti, soda. Mji mzima ulizoea kugusisha.

Lakini barabara zilezile zina basi ndogo za rangi mbili, za kijani na nyekundu. Zote zilitoka kwa mama mmoja. Mwaka 1967 kulikuwa na machafuko Hong Kong, madereva wa mabasi makubwa wakagoma, na vigari vya kubeba watu bila ruhusa vikajaa mjini. Vilisaidia sana kiasi kwamba mwaka 1969 serikali ilivihalalisha. Unajua viliruhusiwa viti vingapi? 14. Yaani nissan! Miaka minne kabla ya tamko la Mzee Kenyatta, mji mwingine uliotawaliwa na Mwingereza ulikuwa unapitia sinema ileile.

Halafu njia zikaachana. Basi za kijani zilipewa laini maalum, ratiba, na nauli iliyopangwa na serikali. Nyekundu ziliachwa huru: dereva anachagua njia, anajipangia nauli, na mara nyingi gari si lake, amelikodi kwa siku. Anamlipa mwenyewe ada ya siku, mafuta juu yake, kinachobaki ni chake. Siku ya dhoruba, nauli inaweza kupanda. Unaisikia tageti hapo? Mimi nilipoisoma nilihisi kama nimekutana na binamu ambaye sikujua niko naye.

Octopus ilipokuja, kijani zikaikubali. Nyekundu nyingi zikabaki na pesa mkononi kwa miaka na miaka, kwenye mji uliozoea kadi kuliko karibu mji wowote, na watu wakawa wanatafuta sarafu mfukoni ili tu wapande basi nyekundu. Siku hizi baadhi zinakubali malipo ya simu. Ona sasa: mji ni mmoja, abiria ni haohao, kadi ni ileile, hata ukubwa wa gari ni uleule. Kitu kimoja tu ndicho tofauti, nacho ni jinsi dereva anavyopata chakula chake. Kwa hivyo mtu akiniambia kadi ilikufa Nairobi kwa sababu ya tabia za Wakenya, namuuliza tabia za Wakenya zilifikaje Hong Kong.

Na ukitaka karibu zaidi, Kigali. Mwaka 2013 jiji liligawa laini kwa kampuni chache kwa mkataba. Basi ndogo za kila mtu na lake zikasukumwa kando ya laini kubwa. Mwaka 2015 ndipo kadi ya Tap&Go ilianza, kazi ya kampuni ya vijana wa hukohuko Rwanda, na abiria akawa anagusisha mbele, karibu na dereva. Angalia mpangilio wa miaka: mkataba kwanza, kadi baadaye. Sisemi Kigali ni paradiso. Watu wa huko hulalamika kuhusu foleni ndefu na mabasi machache, na kupanga laini kwa amri kunawezekana pale kuliko hapa kwetu, ambapo mwenye gari anaweza kuwa mwanasiasa ama askari. Lakini hakuna aliyelazimika kuvunja mashine ya kadi ili ale.

Tumebaki na nini sisi? Tumebaki na M-Pesa, na hapa ndipo inakuwa tamu. Machi 2020 Corona ilipoingia, serikali ikasema tupunguze kushika noti, na Safaricom ikaondoa ada ya kutuma pesa chini ya shilingi 1,000. Bila tarehe ya mwisho, bila kadi, namba za simu zikaanza kutokea kwenye matatu. Zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya kiti, zimebandikwa juu ya dirisha, makanga anazitaja kwa wimbo. Kile kitu kilichoshindikana 2014 kikaingia chenyewe kupitia dirishani, kwa sababu namba ilikuwa ya makanga. Pesa ilitua kwa simu yake, na saa tano asubuhi aliweza kununua mafuta nayo.

Lakini mambo hayajatulia. Kuna saccos zimeshabandika till ya ofisi badala ya namba ya makanga, na baadhi ya wenye magari wanataka till yao wenyewe. Gari moja utaona karatasi tatu: ya zamani imekwaruzwa, mpya imebandikwa juu, na makanga bado anakunong'oneza "tuma kwa hii yangu, hiyo inasumbua". Watu wengi hudhani ni ujanja wa kawaida. Ni vita vya 2014, vimeendelea bila kadi.

Na kadi itarudi. Jiji lina mpango wa BRT, mabasi makubwa ya njia maalum, laini zimeshapewa majina ya wanyama: Simba, Ndovu, Chui, Kifaru, Nyati. Pale Thika Road ukipita unaona vituo vimeanza kusimama katikati ya barabara. Mabasi kama hayo hayawezi kuendeshwa na mtu mwenye noti kwenye vidole, na kusema kweli sitaki yaendeshwe hivyo. Ningependa kupanda gari ambalo bei yake haijui kama kunanyesha. Ila nimeona picha nyingi za hayo mabasi, za vituo, za mageti ya kugusisha, na bado sijaona karatasi hata moja inayosema yule jamaa aliyenifundisha kupanda gari likienda, mwenye miaka 41 na watoto watatu na hajawahi kupata payslip, ataandikwa na nani na atalipwa ngapi.

Kesho ukipanda, kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Kisha angalia makanga anatazama wapi.